Mjane Anaomba Mtoke

Kuna watu katika nchi hii hawawezi kulia bila Kiingereza. Mtu atafiwa na ndugu yake wa toka nitoke, machozi yako tayari kwenye kope, lakini kwanza lazima kikao kifunguliwe, ajenda isomwe, na huzuni itafutiwe neno linalofaa kuchapishwa. Watu hao nimewaona Homa Bay, nimewaona Migori, na wa kwetu Rongo nawajua kwa mwendo. Aliyenipigia simu asubuhi ile ya Jumatano ndiye angekuwa mfalme wao kama wangekuwa na akili ya kumchagua mfalme.

"Madam," akasema, "ni wewe ulikaa Spain?"

"Nilikaa."

"Tuko na mjane hapa Rodi Kopany. Ni mzungu. Anaongea na hakuna mtu anaelewa. Tunataka mtu wa kututafsiria kwa English, sababu ya programu."

Nilikuwa dukani kwangu nikipinda ukingo wa pazia la mteja. Nikamuuliza kwa nini maneno ya mjane yasitafsiriwe kwa Dholuo, maadamu wafiwa wote ni Wajaluo, au basi kwa Kiswahili kwa ajili ya wageni. Nadhani alikuwa akijiuliza kama nimelewa.

"Madam," akasema taratibu, "hii ni kamati."

Nikamwachia msichana wangu duka nikaenda. Sikwenda kwa sababu ya kamati. Nilikwenda kwa sababu nilijua jinsi inavyokuwa kukaa nyumba ya watu ambao hakuna hata mmoja anayeielewa lugha yako. Unaanza kuongea na vyombo jikoni.

Kihispania changu sikukipata darasani. Nilikwenda kule kutunza wazee, na kwa miaka mingi nilimtunza bibi mmoja mkali, aliyekuwa mwalimu enzi zake, ambaye hakutaka kusaidiwa kitu na alihitaji kusaidiwa kila kitu. Jumapili walikuja watoto wake na wajukuu. Mmoja anampandishia mto, wa pili anafungua dirisha, wa tatu analifunga, wa nne anamuuliza kama amekunywa dawa, na wote wanambusu kwa zamu. Bibi alikuwa akifumba macho na kusema neno moja: *me agobiáis*. Wao walicheka, wakazidi kumkumbatia.

Walipoondoka nilimuuliza neno lile maana yake nini. Akaniambia hilo si neno la huzuni wala la uchovu, na nisije nikalitumia ovyo. Lilizaliwa mgongoni, akasema, kwa mtu aliyebebeshwa mpaka akaota kibyongo. Huzuni ni yako, hata ukiwa peke yako unayo. Hili lingine unaletewa na wenzako, wamekuja kwa mapenzi, wamekukalia kifuani. Nikamuuliza dawa yake. "Toka nje," akasema, "funga mlango, na urudi nikikuita." Nikatoka, nikafunga mlango. Baada ya muda akaniita, nikarudi, akaniomba chai. Tukaishi hivyo kwa amani mpaka alipokufa.

Sasa tazama nilichokikuta Rodi Kopany.

Ua lilikuwa limejaa hema na viti vya plastiki. Marehemu alikuwa fundi wa mitambo aliyefanya kazi Uhispania nusu ya umri wake, akaoa huko, kisha akamleta mke wake nyumbani wajenge na walime. Walikuwa na nyumba ya matofali yenye veranda, na nyuma yake shamba la nyanya lililokuwa la mke. Huyo mke alikuwa amejifunza Dholuo cha sokoni: salamu, bei, njoo, nenda, asante. Kiingereza hakuwa nacho. Mengine yote aliyasema kwa Kihispania, na mume wake akayageuza. Sasa mume yuko mochari, na mdomo uliokuwa ukimsemea umelala naye huko.

Nilielezwa alivyokufa. Aliugua siku chache tu. Ndugu walipopata habari walijaa wodini wakakizunguka kitanda mabega kwa mabega, wakaomba, wakaimba, wakapiga picha, na mke wake akasukumwa kidogo kidogo mpaka akajikuta amesimama mlangoni. Alijua kwamba mume wake amekata roho kwa kuona migongo ya watu ikianza kutetemeka. Aliyenieleza haya alikuwa shangazi wa marehemu, naye alieleza kwa fahari kabisa. "Tulikuwa wengi, nyathiwa, mwanetu," akaniambia, "hakufa kama mtu asiye na watu."

Mjane nilimkuta sebuleni, ameketi kwenye godoro lililotandikwa sakafuni kama ilivyo desturi ya mfiwa. Kulia kwake wanawake, kushoto wanawake, mbele yake kamati. Nilipomsalimu kwa lugha yake alinishika kifundo cha mkono, na hakukiachia mpaka nilipomaliza kazi yangu. Wanawake wakapiga vigelegele kwamba mzungu amepata mwenzake. Yeye akasema maneno machache, kwa sauti ya chini, bila machozi. *Me agobian.* Neno lile lile la bibi yangu. Akarudia. Kisha akasema anaomba kitu kimoja tu, na hataomba kingine: mwili ukiletwa, watu wote watoke, mlango ufungwe, akae na mume wake saa nzima peke yake. Wodini hakumuaga. Baada ya hapo wazike watakavyo, waimbe watakavyo.

"Anasema aje?" mwenyekiti akauliza.

Mwenyekiti huyu, yule yule aliyenipigia simu, alikuwa afisa wa elimu mstaafu na mzee wa kanisa, mrefu, shingo ndefu, shati limepigwa pasi mpaka kwenye kola. Kando yake alikaa katibu na kompyuta ya mapajani, vidole tayari. Nikasema kwa Kiswahili, kila mtu asikie, kwamba mjane anasongwa na watu na anaomba mtoke.

Shangazi akavuta leso yake.

"Kwa English, please," mwenyekiti akasema.

Nikampa kwa Kiingereza, neno kwa neno: mko wengi mno na siwezi kupumua, naomba nafasi na mume wangu.

"No, no, no." Akatikisa kichwa kama mwalimu aliyeletewa insha mbovu. "Madam, hiyo siyo English, hiyo ni matusi. Kuna watu wetu Amerika watasoma hii programu. Kuna mheshimiwa anakuja. Tunaweza aje kuandika mjane anafukuza watu kwa matanga?"

"Ndivyo alivyosema."

"Alisema kwa neno moja. Nilisikia. Wewe umetupatia maneno kumi na tano."

Hapo nikajua nina kazi na mtu wa aina gani. Wapo watu wanaoamini lugha ni kama spana, kila nati ina yake, na kwamba Kiingereza ndicho kisanduku kamili. Aliinua uso akaangalia dari, akalitafuta neno, akalipata, na alivyolipata akatabasamu kama aliyeliotesha kwenye shamba lake mwenyewe.

"Overwhelmed," akasema. "Katibu, andika. The widow is overwhelmed."

Katibu akaandika. Wanakamati wakalirudia kwa midomo, mmoja mmoja, wakilionja. Niliwaambia kwamba neno hilo linamsema mjane peke yake, kama vile tatizo liko ndani ya kifua chake. La kwake linawasema ninyi. Nikawaambia, mkiandika hivyo mtakuwa mmemfuta mkosaji. Wakaniangalia kwa huruma. Hakuna aliyeshindwa kunielewa, nataka hilo lieleweke. Shangazi alinielewa vizuri sana, ndiyo maana alinuna. Mwenyekiti alinielewa kuliko wote. Alichokuwa nacho ni jibu, na jibu lao kwa mtu aliyezidiwa ni moja tangu enzi za mababu.

"Mtu amelemewa," akasema, "dawa ni watu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Huyu mama asiachwe hata dakika moja. Naomba tuunde kamati ndogo ya faraja."

Ikaundwa hapo hapo, na mwenyekiti wake, na naibu wake.

Nikamgeukia mjane na kumweleza kila kitu kama kilivyo, kwa sababu sikulipwa kumdanganya, na kwa kweli sikulipwa kabisa. Akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza: "Kwa hiyo wanaongeza watu?" Nikamwambia ndiyo, wanaongeza watu. Akatazama ukutani ilipokuwa picha ya mume wake.

Nitawatetea kidogo, kisha nitaendelea kuwadharau. Kwetu mfiwa haachwi peke yake. Mimi mwenyewe nilipofiwa na mama yangu nililala katikati ya wanawake, na pumzi zao zilinisaidia kuvuka. Sina ugomvi na desturi hiyo. Ugomvi wangu ni na mtu anayekuuliza unataka nini, anakuletea hadi mkalimani kutoka Rongo ili akusikie vizuri, kisha akishasikia anakupa alichokuwa amekwisha kukiamua. Bora asingeuliza.

Alhamisi faraja ikaanza kuwasili. Walikuja wanawake wa kanisa wenye sare. Wakaja waliosoma na marehemu, matumbo mbele, wakijitambulisha kwa mwaka waliomaliza shule. Wakaja walimu. Wakaja wajumbe wa mwanasiasa mmoja wakiwa na fulana zenye uso wake, kana kwamba mjane alikosa uso wa kuangalia. Kila kundi lina msemaji, na kila msemaji ana Kiingereza, na mimi nimewekwa kwenye kigoda karibu na godoro nikigeuze kiwe Kihispania.

Mwanzoni nilijitahidi. Msemaji wa kwanza alizungumza juu ya kitambaa cha jamii na uzi uliokatika, juu ya taa, juu ya mti mkubwa ulioanguka. Nikamwambia mjane: "Anasema pole." Wa pili alisema mengi zaidi, akamtaja hata mfalme wa Babeli. Nikamwambia: "Huyu pia anasema pole." Kufikia wa tano yeye mwenyewe alikuwa akiniwahi. "Pole?" ananiuliza. "Pole," namjibu. Mwenyekiti akaja kuninong'oneza kwamba watu wanalalamika, wao wanasema sana na mimi nasema kidogo.

"Kihispania ni lugha fupi," nikamwambia.

"Ah," akasema, na akaenda kuwaeleza.

Mwili ukaja alasiri hiyo kwa ving'ora na msafara wa magari. Jeneza likawekwa katikati ya sebule, kwenye meza yenye kitambaa cheupe, na kuanzia hapo kukawa hakuna nafasi ya kupitisha mkono. Mjane alisogezwa mbele apigwe picha, akasogezwa nyuma wengine wapigwe. Alijaribu mara moja kuuweka mkono wake juu ya kioo cha jeneza. Wanawake wawili wakaudaka mkono ule na kuupapasa, wakimfariji, wakimwambia kwa Dholuo alie, alie tu, wako hapa. Hakulia. Alinitafuta kwa macho juu ya vichwa vyao, na mimi sikuwa na la kumfanyia, maana nilikuwa nimesukumwa mpaka kabatini.

Mazishi yalikuwa Ijumaa. Marehemu na ukoo wake ni Wasabato, na kwa Msabato jua likizama Ijumaa Sabato imeingia, hakuna jembe wala shoka. Kwa hiyo mwenyekiti aliamka na saa mkononi. Programu zilikuwa zimechapishwa Homa Bay mjini kwa rangi, karatasi ya kung'aa, picha ya marehemu akiwa na tai ambayo mjane aliniambia hakuwahi kuivaa. Nikapewa nakala. Nikaipitia. Katikati, baada ya salamu za wanakamati na kabla ya salamu za mheshimiwa, kilikuwapo kipengele kilichoandikwa kwa Kiingereza kwa herufi kubwa. Kwa Kiswahili ni hivi: Dakika Kumi za Mjane Aliyelemewa. Waongozaji: emsii na kwaya.

Nikamfuata mwenyekiti. Alikuwa kwenye hema akipanga viti vya wageni wa heshima.

"Mzee, hiki ni nini?"

"Ni ile mambo yake. Tumemfikiria. Tumempatia ten minutes, na kwaya itaimba polepole nyuma."

"Alisema peke yake."

"Atakuwa peke yake. Na kwaya."

"Na emsii?"

"Emsii atatangaza tu. Na yule wa kamera, sababu ya watu wa Amerika." Akanishika bega kwa upole, upole wa mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. "Madam, kitu kama haiko kwa programu, haiko. Sasa iko. Mwambie ashukuru."

Nikarudi ndani, nikainama kwenye sikio la mjane, nikamtafsiria kipengele chake. Akacheka. Ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akicheka, kicheko kifupi cha puani, na wanawake wote wakamgeukia kwa hofu. Kisha kikamwisha ghafla. Akaniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesema mvua haitanyesha: "Basi sitamwona tena."

Nilikasirika. Nimewahi kukasirika na wateja wanaorudisha pazia baada ya kulitundika mwaka mzima, nimewahi kukasirika na polisi, lakini ile ilikuwa hasira safi, haina hata tope. Watu wamejaa nyumba nzima wakimlilia mtu, na huyo mmoja aliyekuwa mke wake hawampi nafasi. Nikasimama. Nikapenya hadi nje.

Emsii alikuwa amekwenda kunywa chai. Maikrofoni ilikuwa juu ya spika, inawaka taa yake ndogo. Kule nyuma ya nyumba wapishi walikuwa wameshaivisha, maana ng'ombe alichinjwa alfajiri na sufuria zilikuwa zikitoa harufu tangu watu wanywe uji. Kwa mpango wa kamati chakula kilikuwa baada ya kaburi. Hakuna aliyekuwa na njaa ya kufa. Lakini nawajua watu wetu.

Nikaishika maikrofoni. Nikasema kwa Dholuo, nikarudia kwa Kiswahili ili wageni kutoka Kegonga, wasiojua Dholuo, nao wasikie, kwamba kamati imebadilisha utaratibu kwa sababu ya Sabato na chakula kitaliwa sasa hivi. Nikawashukuru wapishi. Kisha nikaongeza kwa masikitiko: "Ila nyama imekuwa kidogo, haitawatosha wote. Kwa hiyo tunaomba wale waliotoka mbali watangulie."

Sijawahi kuona watu wengi hivyo wametoka mbali. Wale wa boma la jirani walikuwa wametoka mbali. Wanawake wa sare waliondoka wakiwa bado wanaimba, ubeti wa mwisho wakaumalizia karibu na sufuria. Waliosoma na marehemu walikwenda kwa mwendo wa heshima hadi kwenye kona ya nyumba, na walipoipita kona nikasikia miguu ikikimbia. Wale wenye fulana nusura waangushe nguzo ya hema. Kamati ndogo ya faraja, yote, na mwenyekiti wake na naibu wake, ilitoka sebuleni kwa mlango mmoja na ikakwama kidogo hapo, kwa vile kila mmoja alimstahi mwenzake kiasi cha kutotaka kubaki nyuma. Mama wa marehemu alikuwa kwenye nyumba yake, naye alikuwa na wafariji wake. Hao pia walitoka.

Nikaingia. Mjane alikuwa bado kwenye godoro, ameshangaa, ana nafasi pande zote. Sikumweleza kitu. Nilivuta mapazia ya dirisha, nikamwonyesha jeneza, nikamwonyesha mlango. Akanyanyuka. Nikatoka na kiti kimoja cha plastiki, nikafunga mlango, nikakaa nimeuegemea kwa mgongo wangu wote. Mimi si mwanamke mwembamba.

Kisha nikamsikia akianza kuzungumza.

Nilisikia kila neno, na sitayatafsiri hapa pia. Nitasema tu kwamba kuna mahali alimgombeza, kuna mahali alimuuliza jambo na akamngoja ajibu, na mengine yalihusu nyanya. Hayakuwa maneno ya kuchapishwa kwenye karatasi ya kung'aa. Nililia pale kitini bila ajenda, na nikajipangusa kwa programu, ambayo kwa kazi hiyo haikufaa, kwa kuwa karatasi ya kung'aa hainyonyi maji.

Mwenyekiti alinifikia akiwa na sahani mkononi. Lazima niseme kwamba alikasirika, lakini hakuiacha sahani.

"Madam, nani alikuambia ubadilishe programu?"

"Njaa za watu."

"Na mjane ako wapi?"

"Yuko ndani."

"Na nani?"

"Na mume wake."

Akauvuta mwili wake wote juu. "Toka hapo. Mjane haachwi na maiti. Akijidhuru?"

"Atajidhuru na nini, na maua ya plastiki?"

"Sabato inaingia! Wachimbaji wako tayari, mchungaji ako tayari. Nani atajibu kwa kanisa?"

"Kale nyama, mzee. Zinaisha."

Macho yake yalikwenda kwenye kona ya nyumba, yakarudi. Nilimwona akipigana na nafsi yake, na ni haki kusema kwamba alipigana. Akasogea karibu na mlango, akatega sikio. Ndani sauti ilikuwa imeshuka, sasa ilikuwa karibu wimbo, kile kitu ambacho mtu humwimbia mtu mmoja tu maishani.

"Anasema nini?" akauliza. Na namwamini, kwa mara hiyo moja alitaka kujua kweli. "Nipatie tu maana. Kwa English. Naweza iweka kwa speech yangu."

"Hiyo haiko kwa programu," nikamwambia.

Kisha aliangalia saa yake, akaangalia jua, akaangalia sahani, ambayo ilikuwa imebaki mifupa. Akaenda zake nyuma ya nyumba. Nilimsikia akiwaambia wapishi kwamba yeye ni chairman.

Sijui ilikuwa saa nzima au zaidi kidogo. Kivuli cha veranda kilikuwa kimefika miguuni mwangu na kuipita, na mchungaji alikuwa amekuja mara mbili kunisalimu bila kuuliza kitu. Kisha nikasikia kitasa. Nikasogeza kiti.

Mjane alikuwa ameosha uso. Alikuwa amechana nywele na kuzifunga, na mgongo wake, nilioujua siku tatu nzima umeinama, ulikuwa umenyooka. Macho yalikuwa mekundu. Hakunitazama mimi. Aliangalia ua, viti vilivyopinduka, hema tupu, leso iliyosahauliwa na shangazi. Nilidhani atanishukuru, au ataniomba maji. Badala yake aliusukuma mlango mpaka ukagonga ukuta, akaisogeza meza ndogo iliyoziba njia, akasimama kizingitini kama mwenye nyumba anayepokea wageni. Akavuta pumzi.

"Koro biuru," akasema.

Sasa njooni. Alisema kwa Dholuo chake cha sokoni, kwa sauti ya kusikika, na alimaanisha. Alikuwa amemuaga mume wake. Sasa alikuwa na mahali pa kuwaweka watu wote wale, na huruma zao, na sare zao, na mikono yao ya kupapasa. Alikuwa anawaita.

Kutoka nyuma ya nyumba ilikuja milio ya vijiko na sauti ya mtu akiomba mchuzi. Mstari wa wanaoongezewa ulikuwa umezunguka tangi la maji. Wawili watatu kwenye ukingo wa mstari walimwona amesimama pale, wakampungia mikono yenye mafuta, na wakageuka wasipoteze nafasi zao. Mwenyekiti alikuwa ametugeuzia mgongo, akimsimulia mtu jambo huku akichokonoa meno.

"Biuru," akasema tena, kwa sauti zaidi.

Akangoja. Nami nikangoja naye, nikiwa nimeshika kiti changu. Hakuna aliyekuja. Kisha akanigeukia, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekosea jambo mbele za watu, akaniuliza kwa Kihispania kama amelisema neno vibaya.

Nikamwambia hapana, umelisema sawasawa kabisa. Nikainua kiti changu nikaingia.